Mkono wa Mama

Mama alikuja kwetu Milimani, Kisumu, kutoka Asembo kwa ajili ya meno bandia, na siku ya kwanza alirudi kutoka kliniki na habari moja tu: "Wuoda, mwanangu, leo nimesongewa ugali mdomoni."

Hakukosea sana. Msichana mmoja alikoroga unga kwenye bakuli la mpira, akaupachika kwenye taya la juu, akasubiri dakika chache, akauchomoa ukiwa na alama ya kila jino lililobaki. Taya la chini Mama hakutaka liguswe. Meno yake sita ya mbele yaling'olewa alipokuwa msichana, kama desturi ya Waluo wa rika lake, na daktari alipogusia kuliziba pengo, Mama alimtazama kama dalali aliyeulizia shamba la ukoo.

Mimi macho yalikuwa kwenye unga. Kitu kinachonasa jino kitashindwaje kunasa mkono? Nikanunua paketi nne za unga huo, alijineti, ile inayobadilika rangi, nikatangaza kwamba mkono wa Mama utakaa ukutani sebuleni. Mke wangu, Mama Akinyi, aliuliza swali moja: "Na mwiko wangu utarudi?"

Jumamosi saa nane mchana nilimimina paketi nzima kwenye ndoo, nikafungulia mfereji. Maji yetu hutoka kwenye tanki jeusi lililo juu ya paa, na jua la Kisumu mnalijua. Unga ulikuwa zambarau. Nikaenda kumwita Mama, niliporudi ulikuwa mweupe, na mwiko umesimama wima bila kushikwa.

Baadaye ndipo nilipoielewa hesabu ya unga ule. Ni utomvu wa mwani wa kahawia wa bahari za baridi (wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani ni mwekundu, na utomvu wake ni mwingine), uliochanganywa na jasi na fosfeti kidogo. Maji yakiingia, jasi hutaka kuugandisha utomvu papo hapo, fosfeti huishika shati. Maji ya nyuzi 20 hivi hukupa dakika mbili tatu za kufanya kazi. Ya vuguvugu hayakupi hata nafasi ya kumwita mtu. Tena ukishaanza kuganda, hauokolewi kwa kikombe cha maji kama ugali uliokaza.

Paketi ya pili nilitumia maji ya friji, na kwa woga nikazidisha vikombe viwili. Ukawa uji wa mgonjwa. Nilingoja mpaka nikachoka, nikaumwaga kwenye sinki.

Uligandia kwenye kona ya bomba.

Fundi alikuja na boda, akafungua bomba, akavuta nyoka mweupe aliyepinda sawasawa na kona, na nyuzi za skrubu zimejichora shingoni. "Mzee, huyu mmemlisha nini?" Kwa kweli ile ndiyo nakala safi kuliko zote nilizotoa.

Mama alikuwa akitazama tangu mwanzo kutoka kwenye kigoda chake. "Nani alikufundisha kumwagia unga maji?" Akaagiza maji ya mtungi wake, ule anaouweka kwenye kivuli cha veranda kwa kuwa ya friji humuuma meno. Mtungi hutoa jasho, na jasho huupoza. Maji yakatangulia ndooni, unga ukafuata. Mkono wa kulia ukasonga, akiponda mabonge ukutani mwa ndoo na kuukamua upepo, wa kushoto ukingoja zamu. Binti yetu Akinyi alikuwa anahesabu kwa sauti. Hajafika hamsini, Dani, bibi yake, aliinua mwiko, akautazama mchanganyiko ukiteremka kama mala nzito, akasema "haya," akaingiza mkono hadi juu ya kifundo.

Dakika nne alizungumza habari za mbuzi. Kisha akachezesha vidole taratibu, hewa ikapenya, mkono ukatoka na mlio usiofaa mbele ya wakwe.

Plasta ya Paris nilikuwa sijanunua.

Duka lilikuwa limefungwa, Jumapili tulienda kanisani, na hakuna aliyeniambia nifunike tundu lile kwa kitambaa kibichi. Alijineti ni maji yaliyoshikiliwa tu. Ukiyaacha yakauke, nayo hujikunja. Jumatatu jioni nilimimina plasta, nikapasua alijineti asubuhi. Ukatoka mkono mdogo, mwembamba, kidole cha mwisho kimepinda, na chunjua mbili pale upepo ulipobaki.

Akinyi akaweka kiganja chake kando yake. Vilikaribiana.

Mama aliugeuza mara kadhaa karibu na dirisha. "Huu," akasema, akijipapasa pengo la chini kwa ulimi, "ndio niliokuwa nao siku ile waliponikalisha chini." Akaomba leso, akaufunga, akautia kwenye kapu lake la safari, chini kabisa, chini ya sukari.