Kwa Mzee Egzeta, Usiyetaka Kuona Mwandiko Wetu

Mheshimiwa Mzee Egzeta,

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Butembo, mmoja wa wale unaowapunguzia kazi. Tangu 1967 wewe, mtihani wa serikali, ndiwe unayeamua nani Kongo hii amemaliza sekondari na nani amekaa tu darasani. Siku ya matokeo hatulali: pikipiki zinapiga honi Butembo mpaka Beni, na walioshinda wanamwagiwa unga mweupe kichwani hadi mama zao wanawatambua kwa sauti. Naandika kukushukuru.

Asante kwa kututua mzigo wa kuandika. Siku ya lugha unampa mtahiniwa kifungu cha Kiingereza, maswali, na kwa kila swali majibu ya kuchagua, yale tunayoyaita asersio. Yeye anajibu kwa tarakimu. Kiingereza cha miaka yote ile kinatoka mkononi mwake kikiwa 2, 4, 1, 1, 5. Kwa Kifaransa, najua, unamdai insha nzima yenye utangulizi na hitimisho, kwa hiyo siwezi kusema hujui faida ya kuandika. Umeiweka akiba kwa lugha unayoipenda.

Nasi tukakuelewa. Mwalimu anaandika kifungu ubaoni, wanafunzi wanakinakili kwenye kaye, yaani daftari, wanakisoma kwa pamoja kama rozari, maneno magumu yanageuzwa Kifaransa, kengele inalia. Vijana wanaosomea ualimu wa Kiingereza wakija kwetu kwa mazoezi, fishi ya somo, yaani mpango wa kufundisha, wanaijaza vizuri: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, na chini kabisa kuandika, muda ukiruhusu. Tangu nianze kazi haujaruhusu. Siwalaumu. Darasa la watoto sitini likiandika aya moja moja, ni kaye sitini za kubeba nyumbani, usiku, pamoja na biki nyekundu unayojinunulia mwenyewe kwa mshahara ambao nao una asersio zake. Tena hao vijana wenyewe ni watoto wako. Kurasa zao za kwanza za Kiingereza wanadaiwa mwisho wa chuo, kwenye kazi ya kumalizia masomo, na ukimdai mtu kurasa arobaini kabla hajawahi kuandika mbili, usimuulize amezitoa wapi.

Matunda tunayaona. Jirani yangu, kama wafanyabiashara wengi wa mji huu, anaagiza mali kutoka Guangzhou. Mzigo mmoja ulimfikia katoni zimepungua. Akamwita mpwa wake, ambaye unga mweupe ulikuwa haujamtoka masikioni. Kijana aliusoma ujumbe wa Mchina aliyeuza mali bila kukwama, akamweleza mjomba neno kwa neno. Mjomba akasema: haya, mjibu. Kijana akaandika salamu, akamuuliza Mchina hali, akamhakikishia kwamba yeye ni mzima, akarudisha simu. Katoni hazikutajwa. Na tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukivuka mpaka pale Kasindi, ofisi za upande wa pili zinaandikiana kwa Kiingereza, na barua zao haziji na majibu ya kuchagua.

Nina kosa la kuungama, Mzee. Mwaka mmoja nilikuasi. Niliwaambia wanafunzi wangu waandike mistari mitano kuhusu njia waliyopita. Mkono ukainuliwa: "Prof, asersio ziko wapi?" Nikasema hakuna. Kimya kile sijakisikia hata kwenye misa ya wafu.

Darasani kulikuwa na binti kutoka upande wa Oicha, ambaye familia yake ilikimbia mauaji yanayowaandama watu wa Beni tangu 2014. Mistari yake yote aliiandika kwa wakati uliopo: wanakuja, tunatoka, bibi anabaki. Lile "wanakuja" lilikuwa limefutwa mara mbili na kuandikwa upya. Biki yangu ilifika kwenye kitenzi cha kwanza ikasimama. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa kosa la sarufi.

Wiki iliyofuata tulisoma kifungu cha kijiji kilichoungua. Nyumba, kilisema, zilichomwa. Binti akauliza: "Zilichomwa na nani? Aliyeandika anajua. Mbona amewaficha?" Nimesomesha kauli ya kutendwa miaka mingi, ubao umejaa kanuni, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Yeye alikuwa amekalia sentensi ya namna ileile siku chache kabla, akiandika na kufuta. Nikajiuliza ni vifungu vingapi nimewasomesha watoto wa watu bila mimi mwenyewe kuvisoma.

Ombi langu ni dogo. Kwenye karatasi yako ya Kiingereza, acha nafasi tupu ya mistari mitano. Ukiiacha wewe, keshoye kila prefe, mkuu wa shule, ataidai, kila inspekta ataitafuta, na kwenye fishi za wale vijana wa ualimu kuandika kutapanda juu kwenyewe.

Nangoja jibu lako kwa maandishi. Kama kuandika ni kazi, nakuwekea hapa, zungushia tarakimu moja tu, usifute:

1. Ndiyo.
2. Hapana.
3. Muda ukiruhusu.
4. Mashine yetu haisomi mwandiko.
5. Swali halimo katika programu.

Mwalimu wako wa Kiingereza,
Butembo