Jinsi ya Kufufua Laptop Ambayo Haijafa

Laptop yako kuukuu ikigoma kuwaka hapa Likasi, toa kwanza kidole kwenye kitufe. Hata ukikibonyeza hadi magharibi haitaogopa. Kisha wapokee washauri, maana watakuja bila kuitwa: mmoja atasema ifukiwe kwenye mchele, mwingine ipigwe kofi mgongoni, na yaya, ndugu yetu mkubwa aliyerudi juzi kutoka Lubumbashi, atatamka "ifomatiwe" kabla hajaketi. Wape viti, wape na chai. Bisibisi wanyime wote.

Huyo wa kufomati mnyime mara mbili. Laptop isiyowaka mara nyingi imebeba faili nzima nzima: memwari (tasnifu) ya mtoto wa chuo, hesabu za duka, picha za msiba wa babu. Kufomati hufuta hayo yote, na ugonjwa wenyewe pengine ulikuwa kwenye chaja.

Basi anzia kwenye chaja. Umeme wetu wa bwawa la Mwadingusha unatoka mto Lufira tangu 1930, na bwawa lilijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba. Majumbani kwetu hukatika, kisha hurudi kwa kishindo, na cha kwanza kupokea kishindo hicho ni chaja. Kwa hiyo umeme ukirudi, acha taa zitulie dakika chache ndipo uchomeke. Kama taa ndogo ya laptop haionyeshi dalili yoyote, azima chaja nyingine, ila soma maandishi mgongoni mwake. Volti zilingane na za chaja yako, 19 au 19.5 kwa nyingi; ampea zisipungue, zikizidi si neno. Plagi kuingia vizuri si ushahidi wa undugu.

Bado kimya? Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Umeme uliobaki ndani utaisha, na mashine nyingi zilizokwisha kuliliwa huamka hapo. Rudisha chaja peke yake, ujaribu.

Sasa itazame betri uliyoitoa. Iweke mezani: ikiyumba, au tumbo lake limejaa kama la chura, imevimba, na siku zake zimekwisha. Usiitoboe, usiifinye, usiilaze chini ya kitanda cha watoto. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na kiwanda cha Shituru, hapa hapa mjini, kimeisafisha kobalti kwa miaka mingi. Wengi wetu tuna baba au mjomba aliyefanya kazi kule. Madini hayo hayo yamo katika betri nyingi za laptop, na yanastahili heshima yakiwa mezani kama yalivyostahili kiwandani.

Ikiwa taa zinawaka na feni inavuma lakini kioo ni cheusi, mulika kioo kwa tochi ya simu, pembeni kidogo. Ukiona maandishi hafifu, laptop ni nzima, kilichozimika ni mwanga wa nyuma wa kioo. Usipoona kitu, fungua kifuniko cha chini, betri na chaja zikiwa zimetolewa, ushike chuma kwanza mkono utoe umeme wake. Vumbi letu jekundu la kiangazi hupenda sana kukaa kwenye miguu ya kipande cha kumbukumbu (RAM). Chomoa kile kipande, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha hadi kibane pande zote mbili. Kazi hii hailipiwi dola hata moja.

Halafu kuna ile inayowaka na kusema haioni diski. Tazama saa yake. Ikidai ni mwaka 2009, kibetri cha mviringo, CR2032, kimekufa, na mashine imesahau mipangilio yake, pengine hata namna ya kuisoma diski. Kibadilishe, uingie kwenye mipangilio, mara nyingi kwa F2, uirekebishe. Na kama kuna neno la siri hapo mwanzo, jihadhari: laptop zetu nyingi za okazyoni, yaani mitumba, zilitoka Ubelgiji na Ufaransa zikiwa na kibodi ya AZERTY, ila kabla ya Windows kuamka nyingi husoma herufi kwa mpangilio wa Kiingereza. Unabonyeza A, yenyewe inapokea Q, kisha unawashuku wanao bure.

Diski ikigonga tik, tik, tik, zima mara moja. Kila dakika ya kuilazimisha inakula faili. Isipogonga lakini laptop bado haiamki sawasawa, ipeleke kwa fundi, aiwashe mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi ya USB, anakili kila kitu kwenye diski nyingine mbele ya macho yako. Fungua picha mbili tatu uhakikishe zinaonekana. Hapo ndipo muanze kuzungumzia bei, na yaya wa Lubumbashi aruhusiwe kulitamka neno lake.