Gauni Limenibana

Dar es Salaam harusi nyingi hufungwa Jumamosi, na ndiyo maana nguo nyingi huanza kubana Jumatatu. Ukiuza magauni mtandaoni hutachukua muda kuligundua hilo. Gauni linaagizwa Alhamisi kwa haraka ya zimamoto, kijana wa bodaboda analifikisha Ijumaa, mteja anatuma makopa mekundu na kuniita kipenzi. Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Jumatatu, kabla sijamaliza chai, simu inaita: “Dada, lile gauni limenibana.”

Na kubana kwenyewe kuna msimu. Ramadhani ikiingia, harusi za Waislamu husimama. Kwaresima ikiingia, Wakristo wengi nao husogeza mbele. Mwaka 2025 mifungo hiyo miwili ilianza karibu pamoja, mwanzoni mwa Machi, na nawaapia kwamba majuma yale hakuna gauni langu lililombana mtu. Watu walinunua madera, wakayavaa, wakakaa nayo. Ilipopita Idi, ikapita na Pasaka, wanawake wa mji huu wakanenepa kwa mpigo.

Nauzia sebuleni kwangu, Tabata. Mzigo nauchukua Kariakoo, naupiga picha kwenye mlango wa kabati, nauweka Instagram na kwenye status ya WhatsApp. Bei naiandika wazi, ingawa wapo wanaouliza “bei?” chini ya bei. Mteja wa Dar analipa mzigo ukifika. Wa mkoani analipa kwanza, nami naupeleka stendi ya Mbezi ukapande basi. Kwenda, mzigo haunisumbui. Unanisumbua ukigeuza.

Kwa mfano, gauni la zambarau lililorudi na maneno kwamba hata zipu haikupita. Nikalikagua ninavyokagua yote, kwanza kwa pua. Lilinuka udi, jasho na pilau, kwa mpangilio huo. Ndani, upande wa kifua, nikakuta noti ya shilingi 2,000 iliyokunjwa ikakunjika. Sasa, kwenye sherehe zetu anayecheza vizuri hutunzwa, na hela huchomekwa popote panaposhika. Sijawahi kusikia mtu aliyetunzwa kwa kujaribu nguo chumbani kwake. Nikampigia: “Kipenzi, kuna hela yako huku.” Akanyamaza, kisha akauliza ni shilingi ngapi. Nilipomtajia akasema, bila kusita, “Basi hiyo si yangu. Mimi nilitunzwa elfu kumi.”

Lakini huyo alikuwa wa rika langu, na wa rika lako unaweza kubishana naye. Kuna mama mmoja, mtu mzima, alinunua wigi. Si wigi la mchezo: nywele za binadamu, bei yake inalipa kodi ya chumba na chenji inabaki. Wiki iliyofuata akaja mwenyewe hadi mlangoni na kifuko mkononi. Nikasema shikamoo mama. Akaitika marahaba mwanangu, akaulizia afya ya mama yangu mzazi, akaulizia watoto, akaomba maji ya kunywa. Ndipo akatoa wigi. Rangi ni ile ile, urefu ni ule ule, ila liling’aa kama beseni jipya.

Kila muuza mawigi anajua namna ya kulijaribu. Unachomoa uzi mmoja, unauchoma. Nywele za binadamu hugeuka majivu laini na kunuka nywele zilizoungua. Za plastiki huyeyuka zikajikunja kuwa kishanga kigumu. Kiberiti nilikuwa nacho kwenye mfuko wa dera. Lakini niambieni, unawashaje kiberiti mbele ya mtu uliyetoka kumwamkia? Ukishasema shikamoo umejifunga kamba. Huwezi tena kutamka “umebadilisha.” Niliweza kusema tu, “Mama, labda huko nyumbani yamechanganyika.” Akaniunga mkono kwa moyo wote: “Yawezekana, mwanangu. Watoto wa siku hizi wanachezea kila kitu.” Nikamrudishia nusu ya hela, kwa ajili ya shikamoo peke yake, na lile la plastiki akaniachia. Lile la kweli nasikia linahudhuria vikoba kila Jumapili, Kigamboni.

Wasomi nao wana njia yao. Binti mmoja wa Tandika alinitumia ujumbe mrefu wenye vifungu. Mnunuzi wa mtandaoni, aliandika, ana siku 14 za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu yoyote. Nikaenda kusoma. Ni kweli, sheria hiyo ipo, na imeandikwa vizuri: ni ya Umoja wa Ulaya. Nikamjibu kwa adabu kwamba nimefurahi kuelimika, ila Tandika bado haijajiunga.

Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inamlinda mnunuzi dhidi ya muuzaji mwongo, na sina ugomvi nayo. Vile vibao vya “mali ikiuzwa hairudishwi” sivipendi hata kidogo. Mara nyingi aliyevitundika anaijua mali yake. Niliwahi kuuziwa kwa jumla magauni yaliyoandikwa XL ambayo yangembana mtoto wa darasa la nne. Aliyenunua kwangu nilimrudishia hela yake yote na nauli ya boda juu. Gauni likibana kweli, huwa nalijua upesi: linarudi siku ile ile, linanuka kiwanda, na mwenye nalo amekasirika. Anayerudisha gauni Jumatatu hakasiriki kamwe. Amependeza, amecheza, amekula, hana sababu.

Mniruhusu niwatenganishe hawa na wezi, maana wezi wapo na ninawafahamu. Kuna anayekutumia ujumbe wa muamala alioutunga mwenyewe; huyo dawa yake ni kutazama salio, si kusoma ujumbe. Kuna anayelipa kweli, akapokea mzigo, kisha akapiga simu huduma kwa wateja kwamba alikosea namba, ili hela irudishwe. Huyo ninamtunzia picha ya mazungumzo yetu na jina la aliyepokea. Wezi hawa hawanikoseshi usingizi. Wanajua wao ni wezi, mimi najua, tunaheshimiana kwa umbali.

Mteja wa Jumatatu hajioni mwizi hata kidogo, na nikimfikiria vizuri namwelewa. Tumekulia kwenye nyumba ambazo nguo ya shughuli iliazimwa bila aibu. Mama aliazima kitenge kwa jirani, jirani akaja kuazima sufuria kubwa la ubwabwa, viti vikatoka mtaa mzima vikiwa vimeandikwa majina ya wenyewe chini kwa rangi. Siku hizi watu wamepanga fleti, jirani hawamjui jina, lakini shughuli hazijapungua na sare hazijapungua. Ndipo mtu anafungua simu, ananiona mimi na kabati langu. Ile hela anayonitumia si bei. Ni rehani tu, kwa kuwa hatufahamiani, na Jumatatu anakuja kuikomboa. Kwa hesabu yake hakuna aliyepoteza kitu.

Ninachomlaumu ni adabu. Jirani wa zamani alikirudisha kitenge kimefuliwa, kimepigwa pasi, na sahani ya pilau juu yake, maana chombo cha watu hakirudi kitupu. Mimi narudishiwa gauni lenye doa la mchuzi, na kuombwa nauli ya boda. Pilau lenyewe nalinusa tu.

Nilihangaika na lebo. Nikatafuta lebo kubwa nyekundu, nikaifunga mgongoni mahali pasipofichika: “Ikitolewa, umenunua.” Jumamosi moja nikaona video ya mshereheshaji, ukumbi unapiga makofi, dada wa bwana harusi anacheza huku ametupia mtandio mgongoni kwa namna ya kupendeza sana. Akageuka kwa mbwembwe, mtandio ukapaa, na lebo yangu ikaonekana, nyekundu, inacheza naye. Mwingine aliitoa kabisa na kuifunga upya kwa uzi wake wa plastiki. Nikashangaa, hadi siku niliyokwenda Kariakoo kununua kile kibunduki cha kufungia lebo na muuzaji akaniambia nina bahati, kimebaki kimoja, kinamama wanavipenda.

Basi nikaona isiwe taabu, nikahalalisha. Nikatangaza bei mbili kwa kila gauni: kununua shilingi 85,000, kuazima kwa siku tatu shilingi 25,000, na kufua ni juu yangu. Nilidhani nitaambiwa asante. Mteja wa kwanza kuliona tangazo akanipigia papo hapo, na safari hii alikasirika kweli. “Dada, unanionaje? Mimi ni mtu wa kuazima nguo?” Akatuma 85,000 yote, kwa hasira, akataka gauni lifike kabla ya Ijumaa jioni. Likafika. Jumatatu lilikuwa limembana.

Kijana wangu wa bodaboda, ambaye ana akili kuliko wengi wetu, ameshaacha kuniuliza kama kuna mzigo wa kupeleka. Ananiuliza kama kuna wa kwenda na kurudi. Hizo bei zake amezipanga mwenyewe, ukichukua safari zote mbili anakupunguzia, na biashara yake inakwenda vizuri kuliko yangu.

Nami nimejifunza kupanga ratiba. Nikiuza gauni Alhamisi, nalihesabu kuwa lipo. Siku moja ya kufua, moja ya kuanika, jioni pasi, na Alhamisi nyingine linapigwa picha upya kwenye mlango wa kabati. Yapo magauni kwangu ambayo yamekwenda harusi nyingi kuliko mchungaji, na nikiyauza kwa mara ya mwisho, kwa mtu atakayekaa nayo, nitasikitika kidogo.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa dada aliyechukua gauni la kijani la satini, lile la mkono mmoja, aliyeniandikia jana kwamba limembana. Nimekuelewa, mpenzi wangu, na hela yako ipo. Ila usilikawize. Lifike kabla ya Jumatano, maana kuna mwenzako ana send-off Ijumaa na ameshalipa. Na kama pilau lilibaki, mpe bodaboda alilete.