Betri Mbili, Msiba Mmoja

Shemeji yangu hakuna kazi asiyoijua, hata ile anayoiona kwa mara ya kwanza. Nilipomwambia nataka betri ya pili kwenye Land Cruiser, iendeshe friji tukipiga kambi Ziwa Natron, alijibu: “Dakika kumi tu. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, umemaliza.”

Nusura tumalizike sisi. Spana ikiwa kwenye kichwa cha chanya iligusa bodi. Cheche zikaruka, shemeji naye akaruka. Hatukujua kwamba hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, ili spana ikiteleza isilete balaa.

Natron ni joto hata usiku. Friji ilinguruma, nami nikalala na kiburi cha mwenye betri mbili. Alfajiri nikazungusha ufunguo: tk! Friji ilikuwa imekunywa betri ya kwanza na ya pili, maana tulizifanya mfuko mmoja. Dereva wa watalii aliyekuja kutubusti alichungulia chini ya boneti, akauliza kwa upole unaochoma, “Bosi, zote mbili?” Nikampa soda. Ilikuwa baridi kama barafu.

Mjini Arusha, mzee fundi umeme wa magari alipoiona kazi yetu alivua kofia kama aliyefika msibani. Waya mwembamba wa spika, ganda limeanza kuyeyuka, fyuzi hakuna, umepenya tundu la bati bila mpira wa kuukinga. “Huu ungechubuka kidogo tu,” alisema, “kambini msingehitaji kuni.”

Akavuta waya mnene, akaweka fyuzi mbili, moja jirani na kila betri, kwa kuwa kila betri ina uwezo wa kuuchoma waya kutoka upande wake. Kisha akafunga rilei: injini ikiwaka na altaneta ikifikisha volti kama 14, betri zinaungana na kuchaji pamoja, ukizima, kila moja inabaki na chake.

Nililalamikia bei. “Kuziunganisha hata shemeji yako anaweza,” alisema. “Unanilipa kuzitenganisha.”

Safari iliyofuata friji ilikula betri yake usiku kucha mpaka ikazimika. Asubuhi soda zilikuwa vuguvugu, lakini gari likawaka mara moja. Shemeji akaonja, akakunja uso, akaanza kunieleza habari za betri ya tatu.

Nikaenda kuificha spana.