Kinjeketile wa Ukoo wa Bando

Mtu akikuuliza jina Dar es Salaam, kwanza unamtazama usoni ujue anataka lipi. La cheti cha kuzaliwa wanalo benki na wakala wa pesa za simu. La utotoni analo mama, na sitaliandika hapa. Mtaani mimi ni Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki. Siku nilipohamia nilikuwa nimevaa shati jeupe na nimebeba faili, basi. Mke wangu ananiita Baba Neema, na akiniita kwa jina la cheti najua kuna risiti imeonekana mfukoni mwa suruali. Majina yote haya yanakaa kila moja na watu wake, hayagombani, na sikuwahi kuona ajabu yoyote mpaka nilipoanza kucheza gemu za kuigiza za mtandaoni.

Kwa asiyezijua: unaumba mhusika, ama mpiganaji, ama mchawi, ama mganga, unampa jina, kisha unaingia naye kwenye ulimwengu ambamo maelfu ya watu wa nchi mbalimbali wanacheza kwa wakati mmoja. Mnaua majoka, mnauziana ngozi, mnagombana. Babu wa gemu hizi alizaliwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, pale Roy Trubshaw na Richard Bartle walipotengeneza MUD, ambayo haikuwa na picha hata moja, maandishi matupu. Watu waliingia humo wakiwa wachawi na mashujaa, na tangu zama hizo kuna swali ambalo watengenezaji hawajakubaliana: jina linaloonekana ni la nani? La yule mchawi aliyesimama mlangoni mwa pango, au la baba wa watu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni?

World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, ilichagua mchawi. Jina ni la mhusika, herufi mbili hadi kumi na mbili, bila tarakimu, bila nafasi, na ndani ya himaya moja, yaani seva moja, hawawezi kuwepo wawili wenye jina moja. Wazungu waliteseka sana na sharti hilo. Kila mpiga upinde alitaka kuwa Legolas wa The Lord of the Rings, na waliochelewa wakaanza kumtundikia Legolas wa watu vikofia na vinukta juu ya herufi hadi hasomeki. Sisi huku tulikula kivulini. Hakuna mtu wa Stockholm aliyewahi kuwahi jina la Mwanamalundi, ambalo lina herufi kumi na mbili kamili. Ungedhani watengenezaji walipita Usukumani na rula kwanza. Kinjeketile, yule wa Vita vya Maji Maji, ana kumi na moja, anaingia na chenji inabaki.

Nikalipenda hilo la pili, na kwenye gemu yangu, ambayo jina lake nalihifadhi, nikamfanya Kinjeketile mganga wa maji. Kazi yake ni kuwamwagia wenzake maji ya uponyaji kabla mishale haijawafikia. Nilikuwa najichekea mwenyewe kila ninapoingia vitani. Katika chama chetu chote cha wachezaji mzaha huo ulimfikia mtu mmoja tu, Mjerumani, ambaye siku moja alikaa kimya muda mrefu kisha akaandika, "Hmm."

Mhusika wangu wa pili alikuwa mfanyabiashara, nikataka aitwe Mshitiri. Mashine ikakataa, ikaniambia nichague jina lenye heshima. Nikasoma tena herufi kwa herufi na kidole juu ya kioo cha kompyuta, ndipo nikaona ule uchafu wa Kiingereza uliojibanza katikati ya mnunuzi wangu asiye na hatia. Wako waliopata msiba huu kabla yangu: mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walizuiwa kufungua akaunti za AOL kwa sababu kichujio kiliona tusi ndani ya jina la mji wao. Wao walau walikuwa mji mzima, wakalalamika pamoja. Mimi nililalamika na mke wangu, akaniuliza kama nimelipa ada ya Neema.

Mfanyabiashara akaishia kuitwa Chuchunge, yule samaki mwembamba mwenye mdomo wa sindano, na ikawa heri, maana aliacha biashara akawa mvuvi. Sasa hapo ndipo nilipoonja utamu wa jina la mhusika. Kinjeketile alikuwa mtu wa watu. Akiingia tu, anaitwa pande nne: njoo huku tunakufa, njoo kule tumeshakufa. Chuchunge hakujulikana na mtu. Nilimpeleka mtoni usiku, nikamkalisha na ndoano yake, akavua mpaka umeme ukakatika. Hakuna aliyemdai uponyaji. Nadhani kila mtu mzima anahitaji Chuchunge wake, na walio na wadhifa wanahitaji wawili.

Maana jina likijulikana ni la nani, yupo tu atakayekuja kulijaribu. Richard Garriott, aliyebuni mfululizo wa Ultima, alikuwa akiingia kwenye Ultima Online kama mfalme Lord British, na kila mtu alijua aliyeketi nyuma ya mfalme ni yeye. Mwaka 1997, gemu ikiwa bado kwenye majaribio, mfalme alisimama kuhutubia raia. Alipaswa kuwa hafi. Ila seva ilikuwa imeanguka muda mfupi kabla, na aliporudi ile kinga yake ikawa haijawashwa. Mchezaji mmoja aitwaye Rainz akamwashia moto kwa hati ya uchawi aliyoiba, na mfalme akaungua mbele ya halaiki. Angekuwa amekuja kama mvuvi, nani angehangaika naye?

Lakini niwe mkweli kwa upande wa pili, wale waliomchagua baba wa kiti cha plastiki, maana nao wana kesi, na kesi yao nimeiona kwa macho yangu. Chama chetu kilikuwa na hazina: dhahabu, ngozi, dawa, vitu ambavyo watu walichanga kwa miezi. Mtunza hazina alikuwa shujaa mmoja mwenye ndevu nyeupe na maneno ya busara. Asubuhi moja tukakuta hazina imefagiliwa na shujaa hayupo, amejitoa chamani. Tukalia. Wiki hiyohiyo akaja mwanachama mpya, dada mpole mwenye kinubi, akatusikiliza tulivyodhulumiwa, akatupa pole mmoja mmoja, akasema huko alikotoka wao walikuwa na utaratibu mzuri wa hazina na angeweza kutusaidia kuisimamia. Tulikuwa tunamwandalia cheo mtu fulani alipogundua kwamba dada huyu anakosea tahajia ya neno "dhahabu" kwa Kiingereza sawasawa na mzee wa ndevu. Tukambana, akatoweka. Tulikuwa tumewablok wote wawili, na hatukuwa tumemblok mtu yeyote.

Ndiyo maana kambi ya pili ikaja na jina la akaunti, jina moja linaloambatana na wahusika wako wote. City of Heroes ilikuwa nalo tangu zamani, likitanguliwa na alama ya @. Star Trek Online ya mwaka 2010 ikaunganisha kabisa: jina la mhusika, @, jina la akaunti. Faida yake ni kwamba majina ya wahusika hayaishi, hata watu mia wakitaka kuwa Kinjeketile ruksa, kinachowatenganisha ni mkia. Guild Wars 2 ya mwaka 2012 inaweka nukta na tarakimu nne mwishoni mwa jina la akaunti, na inakuruhusu kumwandikia rafiki yako jina lolote unalotaka wewe, jambo ambalo sisi wa "Fundi Bomba Usipokee" kwenye simu tunalielewa bila kufundishwa. Black Desert Online nayo ina kitu inachokiita jina la familia: unalichagua mara moja, na kila mhusika unayemuumba anazaliwa ndani ya ukoo huo.

Gemu yangu, ile nisiyoitaja, ikaamua nayo ihamie upande huo. Siku ya mabadiliko nilifungua kompyuta nikakuta juu ya kichwa cha Kinjeketile, kwa herufi za rangi ya dhahabu, pameandikwa: Kinjeketile @AnkoBando.

Akaunti ile aliifungua mpwa wangu, mtoto wa dada, enzi hizo akiwa sekondari. Alikuwa ameketi kwenye kompyuta yangu, mimi niko upande wa pili wa chumba nabishana na simu kuhusu kifurushi kilichoisha kabla ya siku yake. Akauliza, "Anko, jina?" Mimi nikasema, kwa sauti kubwa na si kumwambia yeye, "Bando!" Mtoto mtiifu. Na zama hizo jina la akaunti lilikuwa la kuingilia tu, halionekani na mtu, kwa hiyo lilikaa gizani kimya miaka yote hiyo. Nikawaandikia wenye gemu kuomba libadilishwe. Wakanijibu kwa adabu nyingi kwamba jina la akaunti ni la kudumu, na wakafungua barua kwa "Mpendwa AnkoBando".

Mjerumani akauliza maana yake. Nikamweleza. Mara hii alicheka.

Ningestahimili hayo. Ila Chuchunge naye, kule mtoni, alikuwa na mkia uleule. Nimekaa navua, mara ujumbe: "AnkoBando, tumekuona, njoo utuponye." Nikaumba mhusika wa tatu, bikizee mchuma majani. Hata hajajifunza kutembea: "AnkoBando, bibi kizee huyu ni wewe?" Tena kwenye orodha ya marafiki pana kitone cha kijani kinachowaka ukiwa ndani, awe mhusika yeyote, na mpwa wangu alikuwa rafiki yangu wa kwanza kwenye orodha.

Sasa mpwa huyo ana dada yake, na dada yake alikuwa anaolewa. Mjomba kwenye harusi si mtu wa kukaa pembeni. Kukawa na kamati, kamati ikawa na kikao kila Jumapili usiku kwa njia ya simu, na kikao kikawa hakina dakika thelathini bila mtu kusema "nirudi nyuma kidogo kwenye suala la keki." Jumapili moja nilituma ujumbe kwamba sitaweza kuungana nao, bando limeisha. Lilikuwa limeisha kweli. Simu yangu haikuwa na hata megabaiti ya kufungulia picha ya keki. Kompyuta ndiyo ilikuwa imeshika mtandao wa jirani, kwa ruhusa yake, na ruhusa ilikuwa ya kompyuta. Mambo ya kiufundi haya, ambayo nilikuja kuyaeleza baadaye mbele ya watu wazima kumi na wanne na hakuna hata mmoja aliyeyafuata.

Kwa maana katikati ya kikao dada yangu aliuliza kama kuna mwenye habari za mjomba, na mpwa, aliyekuwa anasikiliza kwa sikio moja huku anacheza, akasema kwa moyo safi kabisa, "Anko Bando yupo hewani, anavua samaki."

Simu ikaita. Dada akaniita kwa jina la cheti, majina yote matatu.

Kuna watu wanaoona kwamba tiba ni kwenda mpaka mwisho, kila mtu awe na jina lake halisi tu na mambo yaishe. Hilo lilijaribiwa. Julai 2010 Blizzard, wenye World of Warcraft, walitangaza kwamba atakayeandika kwenye mabaraza yao ya mijadala ataonekana kwa jina lake halisi, la kwanza na la ukoo. Mfanyakazi wao mmoja akaweka lake hadharani kuonyesha kwamba hakuna la kuogopa. Muda si muda watu wakawa wamechimba na kuanika habari zake za binafsi. Siku tatu baada ya tangazo, mpango ukafutwa. Baadaye walileta jina la utani la akaunti, lenye alama ya # na tarakimu, na watu wakapumua. Kwa hiyo naukubali mkia kwa shingo upande, kwa matumizi mawili: hazina na kumblok mtu. Mwizi wa ndevu nyeupe akifungiwa mlango, dada wa kinubi naye auone umefungwa. Hayo mengine yote, kichwani mwa mhusika liandikwe jina la mhusika, na kile kitone cha kijani kiulizwe kwanza kinamwakia nani. Chuchunge hana mpwa.

Nilimwandikia maoni hayo mtu wa huduma kwa wateja, nikaambiwa maoni yangu ni ya thamani, Mpendwa AnkoBando.

Harusi ilifana. Kadi za wanakamati aliziandaa mpwa wangu, na orodha ya mshereheshaji pia aliichapa yeye. Wakati wa zawadi upande wa wajomba ulipofika, muziki ukapunguzwa, mshereheshaji akatazama karatasi yake, akaitazama tena, kisha akanguruma kwenye maiki kwamba sasa anamkaribisha mbele mjomba mkuu wa bibi harusi, Anko Bando na familia yake. Ukumbi ukapiga vigelegele. Nikainuka na jokofu letu likisukumwa na vijana wawili, nikacheza mpaka mbele inavyopasa, na nyuma yangu nikasikia shangazi mmoja akimuuliza mke wangu, kwa heshima zote, kama basi na yeye tumwite Mama Bando.