Barua ya Wazi kwa Majasiri Walioziba Tundu

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Matangazo wa makampuni yaundayo simu na hedifoni, huko muliko,

Baada ya salamu nyingi na taadhima iwastahikiyo, nawaarifu kwamba mimi ni mzima wa afya, isipokuwa sikio langu la kushoto, ambalo habari yake itakuja mahali pake. Wa baadu, sikuona vema kuwaandikia kwa siri, kwa kuwa nyinyi hamkupata kunena nami kwa siri hata siku moja. Kila mlipokuwa na neno mmelitundika kwenye mabango ya njia panda, nami si mtu wa kuambiwa hadharani nikajibu uchochoroni.

Kwanza nawapa mkono wa pongezi kwa ujasiri wenu. Sisi wa mwambao tulikulia katika hekaya za watu waliopigana na simba kwa mikono mitupu na manahodha waliovuka bahari katika tufani, tukadhani, kwa ujinga wetu, kwamba ujasiri ni kitu cha namna hiyo. Mpaka Septemba 2016, pale Phil Schiller wa Apple aliposimama jukwaani San Francisco kuitambulisha iPhone 7, simu isiyokuwa na tundu la hedifoni, akaeleza kwamba sababu ya kuliondoa, ikikusanywa katika neno moja, ni ujasiri. Tundu lenyewe, la milimita 3.5, ni mjukuu wa lile kubwa walilokuwa wakichomeka na kuchomoa plagi makarani wa simu katika karne ya 19, na ni miongoni mwa mambo machache ya dunia hii ambayo Mmarekani, Mjapani na mchuuzi wa Kariakoo waliafikiana bila ya kutiliana saini. Kuliziba tundu kama hilo, kisha siku ile ile kutangaza kwa dola 159 jozi ya visikilizio visivyolihitaji, nakiri, si kazi ya mwoga.

Wala sikusudii kuwanyima sifa waliofuata. Google mwaka ule ule waliitoa Pixel ya kwanza wakijigamba kwamba yao tundu inalo. Mwaka uliofuata Pixel 2 ikazaliwa bila ya tundu. Samsung walimfanyia jirani yao mzaha katika matangazo, na 2019 Note 10 ikatoka imezibwa vile vile. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hawa walimcheka mwenye kunyolewa ilhali maji yanawachuruzika shingoni.

Mwatwambia pia kwamba sauti tuliyoizoea haitoshi. Sahani ya CD, iliyoingia sokoni 1982, hubeba sampuli 44,100 katika kila sekunde, na nyinyi mwatutaka tulipie 192,000, ilhali sikio la binadamu, hata liwe la kijana, ukomo wake ni mitetemo takriban 20,000 kwa sekunde, na langu, la mtu mwenye wajukuu, lilikwisha kuishusha bendera mbali kabla ya hapo. Sauti zilizo juu ya mpaka huo huzisikia popo, ambao ni wasikilizaji hodari lakini hawana mifuko. Kisha muziki huo huo mnaupitisha katika blututhi, ambayo huubana kama msafiri abanavyo kanzu kumi katika furushi moja. Mwaka 2021 Apple walipofungua mlango wa muziki usiopunguzwa, hedifoni zao wenyewe za AirPods Max, za dola 549, hazikuweza wakati huo kuupokea mzima. Huo nao ni ujasiri, ingawa sikusikia ukitajwa jukwaani.

Msinidhanie kuwa nachukia kila bidaa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kuimba taarabu katika santuri, upande mmoja wa sahani ulikuwa na wasaa wa dakika kama tatu, na nyimbo ambazo Unguja zilikuwa hazina haraka na mtu zikalazimika kujikunyata humo; kwa hiyo mashine kumwamuru mwimbaji si dhambi mliyoianza nyinyi. Lakini santuri ilikuwa na pembe moja, na pembe moja ilikuwa ya mtaa mzima: mwenye nayo aliiweka dirishani, na asiye nayo aliketi barazani chini ya dirisha akasikiliza kwa haki ile ile, akamkosoa mwimbaji kwa haki zaidi. Na katika taarabu yenyewe mtu huinuka kitini, akaenda kwa madaha mpaka mbele ya mwimbaji, akamtunza, na kila aliyehudhuria akajua ubeti ule unamlenga nani. Nimetafuta katika programu zenu kitufe cha kazi hiyo. Nimeona cha kuruka wimbo, nacho mpwa wangu hukibonyeza kabla bashraf haijamaliza kufagia njia ya mwimbaji.

Mpwa huyo ndiye mteja wenu mwaminifu kuliko wote. Amenunua hedifoni zile zinazoua kelele, ambazo vipaza sauti vyake vidogo huisikiliza kelele ya nje, nazo zikaitengenezea wimbi la kinyume, mawimbi mawili yakauana. Hikima kubwa, wallahi. Alasiri moja alikuwa barazani nazo, mzee mmoja akapita akamtolea salamu, asijibiwe, akarudia, asijibiwe, akarudia ya tatu kwa sauti ya kumwamsha maiti, na kijana anatikisa kichwa taratibu, macho kayafumba. Mzee alikwenda moja kwa moja kwa dada yangu kuuliza ugomvi ule ulianza lini na nani asuluhishe.

Sasa sikio langu. Nami nilinunua jozi, ya kampuni nisiyoitaja kwa kuwa aibu ya mtu mzima hufunikwa. Niliposhuka katika daladala, kisikilizio cha kushoto kilinitoka, kikaruka mara mbili juu ya saruji kama panzi, kikatumbukia mtaroni. Nilipokwenda dukani kutaka cha upande mmoja nilitajiwa bei iliyokaribia ya viwili, yaani sawa na mtu aliyepotelewa na kandambili moja kuambiwa anunue kiatu cha harusi. Tangu siku hiyo nasikiliza taarabu nusu: ganuni naipata, mwimbaji naye yumo, bali fidla, ambazo aliyerekodi aliona vema kuziweka kushoto, zimebaki mtaroni.

Basi ombi langu ni dogo. Ama nileteeni kipande cha kushoto kwa bei ya kipande, ama, maadam ujasiri mnao, waamrisheni wapiga fidla wote wahamie kulia. Ningeeleza zaidi, lakini sikio hili lililobaki wazi laniarifu kwamba muuza kahawa amefika pembeni, anagonganisha vikombe vyake, nami sina budi kumwahi, kwani mpwa wangu ameketi hatua tatu kutoka kwake na hana habari.

Wasalamu,
Wenu mtiifu, kwa upande wa kulia.