Ndiva ya Gigabaiti 931

Diski iliyoandikwa terabaiti 1 kwenye boksi, ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows, husoma gigabaiti 931. Kwa watu wengi hilo si jambo. Lakini sisi tunaishi Same, na watani zetu wameshatutangaza nchi nzima kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe agharimie kesi ya kuku. Mke wangu alipoona gigabaiti 69 hazipo, hakuuliza zimekwenda wapi. Aliuliza risiti iko wapi.

Nikamweleza kwamba hakuna aliyeiba. Kiwanda huhesabu kwa elfu, kwa hiyo gigabaiti yake ni baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa 1,024 kila hatua, gigabaiti yake inakuwa kubwa zaidi, na diski ileile inaonekana ina chache. Baiti zenyewe zipo zote.

"Kwa hiyo muuzaji ana kipimo chake, na mnunuzi akifika nyumbani anakuta kingine?"

"Ndiyo."

"Na vyote vinaitwa gigabaiti?"

"Ndiyo."

"Baba watoto, hiyo kesi tunashinda."

Kabla hajapata wakili, mama mkwe akaibua shauri la pili. Yeye ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, na hawezi kuvumilia alfabeti inayoanzia njiani. Mbona kompyuta inaanza na C? A na B nimezificha wapi, na zina nini ndani? Nikamwambia herufi hizo zilikuwa za flopi, zile diski nyembamba za zamani. Kompyuta nyingi za miaka ya 1980 zilikuwa na matundu mawili ya flopi, diski kuu ilipokuja ikapewa C, na desturi ikabaki hivyo hadi leo. Flopi iliyozoeleka ilibeba megabaiti 1.44, ambazo hazitoshi hata picha moja ya simu za sasa.

"Flopi zimeshakufa?"

"Zamani, mama."

"Basi herufi zao zirithiwe."

Neno urithi likishatajwa katika nyumba ya Kipare, hakuna anayerudi tena kwenye kazi yake. Kompyuta ilikuwa pia na diski nyingine ndogo, ya SSD, iliyokuwa imeshamezwa na Windows na programu zake; hiyo ikaitwa C, na hakuna aliyeigombea. Macho yote yakahamia kwenye zile gigabaiti 931. Tukakubaliana ziwe patisheni nne, yaani vyumba vinne, kila kimoja na herufi yake. D ni ya mke wangu, ambaye hutunza video za kwaya ya Wasabato. E ni ya binti yetu wa kidato cha nne, kwa masomo. F ni ya mdogo wake, kwa michezo. G ni ya mjomba anayelima tangawizi kule Mamba Miamba, ambaye kila akishuka Same na magunia hufikia kwetu na daftari lake la mahesabu. Hapo nikaropoka kwamba jedwali la zamani la patisheni, MBR, liliruhusu patisheni kuu 4 tu, lakini hili jipya la GPT kwenye Windows linaruhusu 128. Mama mkwe akaanza kuhesabu wajukuu.

Ili kila mmoja apate kadiri ya haja yake, nilipita nikiuliza nani ana mafaili kiasi gani. Hakuna aliyenijibu. Mji huu una historia na maswali ya namna hiyo. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi hapahapa Same kupinga mbiru, kodi ambayo kila mtu alipangiwa kiwango chake kwa kukadiriwa mali aliyonayo. Profesa Isaria Kimambo aliyaandikia mapambano hayo kitabu kizima. Mwishowe mkoloni aliiacha kodi yake. Mimi, kwa kuwa sikuwa na gavana wa kunirudisha nyuma, nilikadiria.

F ikajaa kabla hata vumbi la boksi halijafutwa. Mchezo mmoja tu wa mpira ulichukua nusu ya eneo, na kijana akaja kuomba nyongeza. D ilikuwa na nafasi tele, kwa hiyo nikaingia kwenye programu ya kusimamia diski nikaipunguza. Nafasi ikapatikana, lakini pale ilipokatwa, yaani kati ya D na E. Windows huongeza patisheni kwa nafasi tupu iliyo upande wake wa kulia tu, tena iwe imeshikana nayo. Kwa hiyo F, iliyoko mbele ya E, haikuweza kuigusa. Aliyeruhusiwa kuichukua nafasi ile alikuwa D peke yake, ambaye ndiye aliyeitoa. Mke wangu alifurahishwa sana na sheria hiyo.

Dawa ilikuwa kupata programu nyingine ya kuihamisha E nzima, ili nafasi ile ije itokee jirani na F. Nikaianzisha Ijumaa mchana. Diski ya sahani inayozunguka haina haraka, na hii ilibeba mitihani ya miaka iliyopita, ya binti na ya mtaa mzima. Jua likawa linazama, mstari wa kuonyesha kazi umefika katikati, na kwenye skrini kuna onyo: usizime kompyuta.

"Sabato inaingia," mke wangu akasema. "Zima."

"Anayefanya kazi si mimi, ni mashine."

"Amri inawataja hata watumishi na mifugo."

Tulikuwa bado tunajadili kama kompyuta ni mtumishi au ni mfugo, umeme ukakatika.

Uliporudi, E ilikuwepo kwa jina tu. Kompyuta ikatuuliza kama tungependa kuifomati. Kijana, kwa moyo wa kujitolea ambao hatujawahi kuuona wakati wa kuosha vyombo, akanyoosha kidole abonyeze ndiyo. Dada yake alimwahi. Mitihani ikaokolewa kutoka kundi la WhatsApp la darasa lao, pamoja na salamu za asubuhi na matangazo ya michango ya harusi.

Mjomba akashuka na tangawizi, akasimuliwa yote. Alituliza mtima kwa kikombe cha chai, kisha akauliza nakala za kwaya zinawekwa wapi. Nikamwambia kwa fahari kwamba ziko G, endapo D itaharibika.

"D na G ni diski mbili?"

"Ni moja, mjomba."

"Ikifa?"

"Zinakufa zote."

"Sasa hizo herufi mmezijenga zimzuie nani?"

Huko kwake yeye ni mmoja wa wasimamizi wa ndiva, bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha ili asubuhi yakifunguliwa yawe na nguvu ya kufika shambani. Ndiva huchimbwa na kusafishwa kwa msaragambo, watu wote kwa pamoja, na ndani yake hakuna aliyejenga ukuta wa kutenga maji ya fulani na ya fulani. Ukuta ungeiacha kila familia na kidimbwi kisichofika popote. Kinachogawanywa ni zamu, na zamu hubadilika kadiri mazao yanavyohitaji. Diski yetu, alisema, tumeijengea kuta ndani tukasahau kwamba kingo ni zilezile.

Basi tukanunua diski ya nje, tukahamishia kila kitu humo, tukafuta patisheni zote nne na kutengeneza D moja yenye folda. Folda hupanuka na kusinyaa yenyewe bila kumhamisha jirani. Kijana akizidisha michezo tunaona wote, na dada yake humshughulikia haraka kuliko programu yoyote. Ile diski ya nje imebaki kuwa nakala, na inakaa Mamba Miamba kwa mjomba, mbali na joto na vumbi la huku bondeni. Hushuka nayo kila akileta mzigo, tunaongeza mapya, anapanda nayo.

Alipokuwa anafunga magunia matupu tayari kwa safari, alinivuta pembeni, akaangalia kama mke wangu yuko karibu, akanong'ona kama folda yake inaweza kuwekewa nywila.

"Lakini mjomba, si ulisema ndiva ni ya wote?"

"Maji ni ya wote," akasema. "Daftari la wanaonidai ni langu."